Adhana ya Kaseti

Wameitengeneza upya filamu ile. Ndivyo alivyosema mtangazaji kwa Kifaransa chake cha puani: picha zimesafishwa, sauti zimesafishwa, vipande vilivyopotea vimepatikana na kila kimoja kimerudishwa mahali pake. Inarushwa kila siku saa kumi na moja jioni, na tangu ianze mimi sina raha. Nakaa, nainuka. Nakwenda jikoni kuangalia maharage ambayo hayahitaji kuangaliwa. Binti yangu Hadija ananiuliza kama nina homa. Namwambia anyamaze atazame, naye ananijibu kwamba kinachopiga kelele ndani ya nyumba hii ni miguu yangu.

Sina subira, sijawahi kuwa nayo, lakini hili ni jambo jingine. Filamu hii naijua kwa moyo na bado siitambui. Ile niliyokua nayo ilikuwa na adhana ndani yake. Nahodha alisimama kwenye dirisha la chombo cha angani akitazama nyota, adhana ya Magharibi ikasomwa mwanzo hadi mwisho, na katikati yake nahodha akaniita mimi, kwa jina langu, akaniambia nifunge mlango. Majuzi nimemwona tena, dirisha lilelile, nyota zilezile, na nyuma yake kinanda tu.

Kwenye kiti cha pembeni amekaa Mjomba Shabani, kaka yake mama. Tumemleta hapa Kabezi kutoka Rumonge kwa sababu ya macho yake, ambayo sasa yanaona vivuli na rangi na si zaidi. Yeye anajua kuliko mtu yeyote ni nini kilichoondolewa katika filamu yetu ile, maana aliyeondoa ni yeye. Na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Ukumbi wake wa video ulikuwa Rumonge, kwenye njia ya kushukia mwaloni, zinakoegeshwa boti. Kuta za mbao, paa la mabati, mlango mmoja wa bati uliotazama ziwa. Zamani palikuwa ghala la mawese na harufu haikuhama. Ukikaa kwenye benchi saa moja tu, nguo zako zilinuka mawese mpaka zifuliwe mara mbili. Hadi leo nikipita mahali ambapo mawese yanachemka karibu na mashine iliyopata joto, shingo yangu inageuka yenyewe kutafuta mlango.

Filamu ilifika kutoka Bujumbura ndani ya gunia la mchele, kaseti kumi na mbili, na aliyeileta aliapa kwamba zimo zote. Hazikuwemo. Ya nane, ya tisa na ya kumi hatukuziona, ndani ya maganda yake mlikuwa na kaseti za harusi za watu tusiowajua. Ya tano ilikuwa imelowa maji huko njiani, ikawa inaonyesha chenga tupu. Zilizobaki zilisema Kifaransa cha haraka. Zilihusu chombo kikubwa kinachosafiri kati ya nyota kikiwa kimebeba mbegu, kikitafuta ardhi ya kuzipanda, kwa sababu ardhi ya kwao ilikuwa imekufa. Kulikuwa na nahodha mwenye mvi, daktari mwanamke mwenye shingo ndefu, na roboti wa jicho moja aliyepita koridoni akihesabu milango.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani sokoni. Kifaransa alikiachia darasa la sita na kilichobaki alikikisia, lakini alikuwa na sauti. Mjomba alikuwa na deki mbili. Moja ilicheza kaseti ya asili, ya pili ikanakili, na mahali pa sauti ya Kifaransa ikaingia waya wa maikrofoni aliyoishika Baba. Mara ya kwanza walijaribu asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, na Baba akakauka. Hakuweza kusema bila watu. Basi wakawa wananakili hapohapo kwenye onyesho la alasiri, mabenchi yamejaa, na kila kilichosikika ukumbini kikaingia kwenye utepe: vicheko, vikohozi, mtoto anayelia, injini ya boti ikikataa kuwaka ufukoni. Nahodha alipotangaza hatari, nyuma yake ulimsikia mtu akimwambia mwenzake, "Nilikuambiaka."

Mbegu za kwenye chombo, kwa maneno ya Baba, zilikuwa chikichi. Ardhi waliyoikumbuka na kuililia ilikuwa Minago. Watu wa Minago walikuja kwa baiskeli kusikia kijiji chao kikililiwa huko angani, na kila nahodha aliposema "siku moja tutarudi Minago" walipiga makofi mpaka Baba anasubiri. Maadui wenye kofia nyeusi waliosimamisha chombo na kukagua mizigo hawakuhitaji kuelezwa ni akina nani. Kila mtu aliyewahi kupita barabara ile ya ziwani na mzigo aliwatambua.

Upande wa Mjomba ulikuwa kukata. Tulisema ana mkasi, ingawa hapakuwa na mkasi wowote, ni vidole viwili juu ya vitufe viwili. Msikiti ulikuwa hatua mia moja kutoka pale, kwa hiyo nahodha na daktari hawakuruhusiwa kukaribiana. Mjomba alipoona wanaanza kutazamana vile, alichomeka kipande cha roboti akipita koridoni. Alikuwa na kipande kimoja tu cha namna hiyo, akakitumia mara tisa. Mimi niliamini kabisa kwamba roboti ndiye mlezi wa adabu kwenye chombo kile, kwamba anahisi jambo kutoka mbali na kuja mbio. Nikamwogopa kuliko mwalimu wangu wa madrasa.

Kaseti ya saba ilinakiliwa alasiri iliyochelewa. Nilikuwa na miaka saba au karibu na hapo, nimekaa chini pembeni ya mlango, mahali pangu pa siku zote, kwa sababu benchini nilichezesha miguu na kuwasumbua watu. Nahodha akasimama dirishani. Hapo nahodha mwenyewe wa Kifaransa hakuwa na la kusema, alitazama tu, muda mrefu. Na adhana ya Magharibi ikaanza msikitini, sauti ya Mzee Rajabu, mwadhini wetu. Siku nyingine Mjomba angesimamisha, lakini juma lile deki ya kunakili ilikuwa mbovu, ukiisimamisha katikati inatafuna utepe, na kaseti tupu hazikupatikana ovyo. Akaacha iende. Baba akanyamaza na maikrofoni mkononi. Watu wa sala wakaanza kuinuka kimyakimya, mlango ukafunguliwa, na mwanga wa jua lililozama ukaingia moja kwa moja kutoka ziwani mpaka kwenye kioo cha televisheni.

Mimi nilikuwa natazama nje. Boti za wavuvi zilikuwa zinasukumwa majini, wanafunga taa zao, na kulikuwa na mmoja aliyeanguka akalowa wote wanamcheka. Baba aliniambia kwa sauti ya chini, karibu mno na maikrofoni, "Saki, funga mulango, mwanga iko naingia." Sikuondoka. Mzee Rajabu alikuwa anafika mwisho. Baba akaniita tena, juu ya maneno ya mwisho ya adhana, na safari hii haikuwa sauti ya nahodha wala ya mtu wa sinema, ilikuwa ya nyumbani: "Saki." Nikaukamata mlango nikaubamiza. Bati likalia ukumbi mzima.

Yote hayo yamo, au yalikuwemo. Watu waliotazama marudio waliamini kwamba kwenye chombo kuna baharia anaitwa Saki, mvivu, haonekani kamwe. Watoto wa mtaani waliniimbia maneno yale kila nilipopita. Nilijifanya nakasirika.

Halafu Baba akavuka ziwa. Binamu yake alikuwa na karakana ya kushona huko Baraka, upande wa Kongo, kazi zilikuwa nyingi na mikono michache. Hayo nimekuja kuyajua ukubwani. Mimi aliniambia, akifunga mkasi wake ndani ya kitambaa, kwamba anakwenda kututafutia zile tatu zilizopotea, ya nane, ya tisa na ya kumi, maana watu wamemchosha kwa kumuuliza. Mwisho wa kaseti ya saba chombo kinaingia kwenye wingu jeusi. Mwanzo wa kumi na moja kimetoka, nahodha ana ndevu na nusu ya watu hawamo, na hakuna aliyejua kwa nini. Baba aliwaahidi kwamba akizipata atawaeleza.

Alikuwa ananitania, na mimi niliyachukua kama yalivyo. Habari hazikuja. Upande ule kukawa na vita, boti zikapungua, wakubwa wakaacha kulitaja jina lake mbele yangu. Nikajitafutia jibu mwenyewe. Baba ameingia kwenye wingu pamoja na wale wengine, yumo ndani ya kaseti tatu ambazo hazijafika, na siku zikifika atatoka upande wa pili akiwa na ndevu. Kinachotakiwa ni kusubiri. Na mimi kusubiri sikukuweza hata kidogo.

Mjomba alikuwa hachoki kurudia filamu ile. Alibadilisha mpangilio, akatoa hiki akaweka kile, akatengeneza hata kipindi kizima kipya kutokana na mabaki, na watu wakaja. Alivuta pia waya kutoka ukumbini mpaka nyumba tano za jirani, ili wanaoshindwa kutoka waone wakiwa kwao. Kila ilipofika kaseti ya saba nilikaa mahali pangu nikauacha mlango wazi kusudi. Watu wakalalamika kuhusu mwanga, sikuwajali. Nilingoja aseme. Akisema mara ya kwanza nilitulia kama siku ile. Akiniita mara ya pili nilisimama nikaubamiza, na milango miwili ikalia pamoja, wa ndani ya kaseti na wa kwetu. Hiyo ilikuwa dakika moja katika juma ambayo miguu yangu ilinyamaza.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Mjomba alianza maonyesho mapema kidogo, ili watu waupitishe mchana mpaka futari. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya maji na milima ya Kongo haikuonekana. Sisi kwa kawaida hatukuhitaji saa, tulitazama jua likiingia nyuma ya milima ile tukajua. Siku hiyo hapakuwa na jua wala milima. Kaseti ya saba ilikuwa inaendelea, nahodha akasimama dirishani, na adhana ikaanza nusu saa nzima kabla ya wakati wake.

Ukumbini hakuna aliyetikisika. Tuliijua, ilikuwa sehemu ya filamu. Lakini kwenye zile nyumba tano wanawake hawakuwa mbele ya televisheni, walikuwa nyuma jikoni, na walichosikia kikitoka sebuleni ni sauti ya Mzee Rajabu mwenyewe, ileile ya kila siku. Wakasema bismillah wakanywa uji. Jirani wa ukutani akaona mwenzake anafuturu, naye akafuturu. Mtoto akatumwa kupeleka sahani ng'ambo ya njia. Mlango wetu ukiwa wazi, watu wa ukumbini wakaona barabara nzima inatafuna, wakaamua kwamba leo adhana mbili zimegongana, ya kaseti na ya kweli, wakatoka mbio kutafuta maji. Mimi peke yangu nilibaki, kwa sababu nilikuwa sijaitwa mara ya pili.

Mzee Rajabu alikuwa kwake anatawadha. Alisimama na mguu mmoja umelowa akijisikiliza mwenyewe akiadhini. Mke wake alikuwa ameshameza tende. Ilipofika saa yenyewe na adhana ya kweli ikatoka, mtaa mzima ulikuwa umeshiba, na ukimya uliofuata nausikia mpaka leo. Siku ile watu waliilipa baada ya Idi. Na kwa miaka mingi Rumonge, adhana ikianza, hakukosekana wa kuuliza kama ni ya kweli au ni ya kaseti.

Kesho yake baada ya sala ya Alasiri wazee walikuja ukumbini, watano, wakakaa kwenye benchi la mbele kama wateja. Hawakugomba. Mzee Rajabu alisema hana ugomvi na sinema, hata hiyo ya angani anaifuata kidogo kupitia wajukuu. Lakini alimwambia Mjomba, "Shabani, sauti yangu iko mu kaseti yako. Miye sikuitia humo. Uitoe, watu wafunge vizuri." Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema ataitoa kesho.

Nilikuwa mlangoni. Sikuelewa habari ya kulipa siku wala ya waya. Nilichoelewa ni kwamba Baba amelala ndani ya adhana ile, sauti yake na ya Mzee Rajabu ziko kwenye utepe mmoja, na huwezi kung'oa moja ukaiacha nyingine. Wazee walipotoka na Mjomba kuwasindikiza, nikaichukua kaseti ya saba, nikaitia chini ya gauni, nikakimbia.

Mama alikuwa kwenye kinu cha mawese, yeye na wanawake wengine, wanachemsha chikichi kwenye mapipa. Tangu Baba aondoke hakuwa amekanyaga ukumbini. Filamu ilipoonyeshwa alikuwa na kazi kinuni kila mara, hata siku ambazo chikichi hazikuwepo. Nikaificha kaseti chini ya rundo la mikungu iliyopukuchuliwa. Ningetulia hapo, isingeonekana. Lakini nilikwenda kuitazama mara moja, nikarudi, nikaenda tena kuhakikisha haijalowa, nikarudi, na mara ya tatu Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Aliiokota. Juu ya karatasi ya ubavuni palikuwa na saba ya Baba, na ile mistari miwili aliyopenda kuipiga chini ya namba. Aliifuta kwa upande msafi wa kitenge chake, muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa, kisha akasema twende.

Mjomba alikuwa anaitafuta kaseti chini ya mabenchi. Mama akamwekea mezani akamwomba, "Kaka, icheze kwanza." Tukakaa watatu kwenye ukumbi mtupu. Nahodha akasimama dirishani. Adhana ikaanza. Nilikuwa nimeushika mlango, na Baba akasema maneno yake, kisha akaniita, na mimi kwa mara ya kwanza sikuubamiza, kwa sababu nilikuwa namtazama Mama. Alikuwa ameegemea mbele na mikono yake yenye mawese imefungana magotini. Aliposikia mlango wa kwenye kaseti ukilia alipepesa macho.

"Aliita weye," akasema. "Miye hakuniita."

Mama akainuka, akamwambia akate, Mzee Rajabu ana haki, watu hawawezi kufuturishwa na kaseti. Hapo ndipo nililia, na nikasema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilimuuliza Mjomba, "Ukiikata, Baba atajua namna gani pa kutokea?"

Walitazamana. Nafikiri ndiyo siku walipojua nilikuwa nimeishi na nini miezi yote ile. Mjomba hakunikemea wala hakunieleza. Alivuta kibao akakiweka mbele ya deki mbili, akanikalisha, akafungua kifuniko cha kaseti kwa kidole nione utepe ulivyo, mweusi, mwembamba, hauna mtu. "Njoo ukate na mukono yako," akaniambia. "Ukikata weye haitauma sana." Alikuwa amekosea, lakini alikuwa na nia njema.

Kazi ilikuwa hivi. Yeye anaangalia deki inayocheza. Mimi nimeweka kidole kwenye kitufe cha deki inayonakili. Adhana ikianza, nasimamisha. Akisema "sasa," naachia. Kati ya hapo na hapo chochote kinachopita kinapotea. Nikasimamisha palepale alipotaka. Adhana ikawa inapita hewani tu, haiingii popote. Baba akasema habari ya mwanga, nayo ikapita. Mama alikuwa amesimama mlangoni akitupa mgongo. Mzee Rajabu akafika mwisho, Baba akavuta pumzi, na mimi kidole changu hakikungoja. Mjomba hakuwa amesema kitu. Kilijiachia chenyewe, na sitasema uongo, nilijua kinajiachia.

Mjomba aliirudisha nyuma tukasikiliza. Nahodha yuko dirishani, kimya. Halafu, kutoka pasipojulikana, "...ki." Na bati likalia. Ya Mzee Rajabu haikubaki hata silabi. Mjomba alinitazama, akamtazama Mama, akachukua kalamu akaandika saba mpya kwenye karatasi.

"Iko sawa," akasema.

Nusu ya jina langu na mlango mmoja, ndivyo nilivyookoa. Watazamaji walicheka kila mara bati lilipolia katikati ya nyota, wakakubaliana kwamba ni yule roboti. Ile ya mwanzo, yenye adhana, Mjomba alirekodi juu yake harusi ya jirani wiki iliyofuata, kwa kukosa kaseti tupu. Ukubwani nilisema simlaumu. Nilimlaumu sana, miaka mingi, na nilipoacha sikumwambia kwamba nimeacha.

Mvua zilipokwisha, mvuvi mmoja wa Magara aliyekuwa amekwama upande wa pili alituletea ile futi ya Baba ya kupimia nguo, imeviringwa na kufungwa uzi. Malaria ilimwondoa wiki chache tu baada ya kuvuka, wakamzika hukohuko Baraka. Siku mtaa mzima ulipofuturu mapema, alikuwa ameshazikwa. Mama alikaa matanga. Mimi nilimfuata mvuvi mpaka barabarani kumuuliza kama Baba alizipata zile kaseti tatu. Aliniangalia akasema hajui habari ya kaseti, mwanangu.

Basi juma hili wamezirusha. Ya nane juzi, ya tisa jana, ya kumi leo. Nina umri wa kujua ni nini kimo na ni nini hakimo, na bado ya nane niliitazama nimesimama, ya tisa vilevile. Ndani ya wingu kuna sayari ndogo yenye maji. Leo nusu ya watu wanashuka kuyachota, hatari inatokea, na chombo kinalazimika kuondoka bila wao. Hawakufa, hawakufukuzwa. Waliachwa upande ule, basi.

Mjomba aligeuza uso wake kwenye kelele. "Sasa wanafanya nini?" akauliza. Kifaransa kilikuwa cha haraka kwake na picha haoni tena. Nikaanza kumweleza kwa kifupi, kama mtu anayesoma barua ya ofisi. Akauliza tena, na tena, mpaka nikakaa chini pembeni yake. Sijui ni wapi nilipoacha kutafsiri. Nilijisikia nikisema kwamba chikichi zinapakiwa. Nilimsikia nahodha akiwaambia waliobaki kwamba atawangojea Minago, na Mjomba akapiga kofi moja gotini. Hadija alikuwa ametegesha simu yake mezani inarekodi. Yeye hukata vipande vya kila kitu na kuwatumia binamu zake wa Bujumbura, na hawa alisema hawaelewi ile ya Kifaransa.

Adhana ikaanza msikiti wa jirani. Mjomba akainua kidole. "Iko ya kweli?"

Nikamwambia ni ya kweli. Tukanyamaza. Hadija alikuwa ametoka kuanua nguo, akarudi na mzigo kifuani, akauacha mlango wazi nyuma yake, na mwanga wa jua lililozama ukaingia moja kwa moja kutoka ziwani mpaka kwenye kioo. Nahodha akafutika. Watoto wangu nawasemesha Kiswahili cha shule, lakini kilichotoka kinywani mwangu, chini kwa chini, ni kingine: "Hadija, funga mulango, mwanga iko naingia." Alikuwa ameinama anatazama kitu nje. Adhana ilikuwa inamalizika. Nikamwita tena, jina tu.

Akausukuma kwa kisigino, ukajibamiza.

Aliweka nguo kitini, akachukua simu yake, akasikiliza kidogo akitabasamu. "Imetoka vizuri, Mama. Nitakata tu hapa uliponiita."

Mjomba alinyoosha mkono hewani kuitafuta simu ilipo.

"Hapo usikate," akasema.